Gesti Inayonunua Dhahabu

Hapa Kahama natengeneza printa, nachapa barua za maombi ya kazi na, mteja akijitokeza, namtengenezea tovuti. Kero ilikuwa namba za simu. Mteja akibadili laini, nafungua kurasa zake zote na kurekebisha mmoja mmoja. Nikaandika programu yangu ya PHP: unaburuta boksi la picha huku, la simu kule, unabonyeza, tovuti inatoka kama tofali kwenye kalibu. Nikaiita Fyatua. Najua WordPress ipo tangu 2003, msinikumbushe.

Mke wangu, ambaye huona biashara hata msibani, akasema: "Baba watoto, hicho kitu kinakula bando tu. Kiuze."

Mteja mpya wa kwanza alikuwa broka wa dhahabu, Katoro.

"Mdogo wangu, nataka tovuti ya kisasa."

Jina la ofisi? "Usiweke." Iko wapi? "Unataka majambazi wanifuate?" Namba ya simu? "Wanaonihitaji wanayo." Nikagusia picha ya dhahabu, alinitazama hadi nikafunga daftari.

Tukabaki na bei ya siku. London hutangaza bei mara mbili kila siku ya kazi, tena kwa aunsi, yaani gramu 31.1, wakati Katoro watu wanaongea gramu. Boksi langu likawa linachukua bei, linagawanya, linageuza kuwa shilingi. Nililipenda boksi lile kuliko inavyofaa.

Fyatua nayo ikalipenda. Usiku ikalisambaza kwenye tovuti za wateja wangu wote. Chekechea moja ya Shinyanga mjini ikaamka na "Ada ya muhula", na chini yake bei ya gramu moja. Mzazi mmoja, mchimbaji wa Nyarugusu, akapiga simu kuuliza kama shule inapokea dhahabu ambayo haijayeyushwa.

Kisha akapiga mzee mwenye gesti, naye mteja wangu.

"Kijana, hapa mapokezi kuna watu wana dhahabu mfukoni. Wanasema tunanunua."

"Samahani mzee, nalitoa boksi sasa hivi. Na uwaambie tangu 2019 dhahabu inauzwa kwenye masoko ya madini, si gesti."

"Ulitoe? Wameshalipia vyumba! Liache mpaka Jumapili. Sokoni nitawaelekeza asubuhi, wakishakunywa chai."

Broka alifurahi sana kwamba hakuna aliyempata kupitia tovuti yake. Kwenye malipo, hakuwa na taslimu. Ana hisa kwenye duara moja, yaani shimo la dhahabu, huko Rwamagasa, na machimboni mgao wa mifuko ya mawe ni jambo la kawaida, basi akanipa mifuko. "Mawe haya yana kitu," alisema, akaondoka kabla sijauliza kitu gani.

Sasa mifuko imejaa hadi mlango wa steshenari yangu haufunguki vizuri. Kuyasaga mawe kwenye karasha ni hela, na baada yake kuna mwalo wa kuoshea, nako hela. Jana mwenye karasha mmoja alikubali kunisagia bure, nami nimtengenezee tovuti. Bei ya dhahabu haitaki. Anataka mtu akifungua tu, asikie karasha likinguruma.