Fundi shika hii ya soda

Nishati safi, tunaambiwa, ina upungufu wa mafundi. Ajabu! Bariadi fundi sola yupo: saa saba mchana yuko juu ya bati la moto, suruali imetobolewa na asidi ya betri. Akishuka, mwenye nyumba anamuuliza: “Kwani umefanya nini zaidi ya kukaza nyaya mbili? Shika hii ya soda.” Mwezi haujaisha, kijana kahamia bodaboda.

Jirani zetu wa Kishapu, waliobaki mkoa wa Shinyanga wakati mkoa wetu wa Simiyu ulipozaliwa mwaka 2012, wamepata mradi wa sola wa megawati 150, mkubwa wa kwanza kulisha gridi ya Taifa. Sasa subirini tangazo la kazi: mwombaji asizidi miaka 25, awe na uzoefu wa miaka 10. Uzoefu wa mtambo upi, ikiwa huo ndio wa kwanza?

Lakini msikate tamaa. Semina ya kuwavutia vijana haikosi, na posho itapangwa mapema. Ya washiriki, lakini. Fundi ataitwa projekta ikizima.