Sifa za Bembea ya Uani

Wenye kusifu marais na wasifu. Leo mimi naisifu bembea ya uani kwetu hapa Ngagara, Bujumbura: kamba mbili, ubao mmoja, na tawi la mwembe ambalo nusu yake, jirani anasema, iko kwake.

Hainywi mafuta, na kwa mji uliozeeka kwenye foleni za petroli hilo pekee latosha kuivisha nishani. Haikatiki kama umeme. Inalia kriii, inajibu krooo, hata asiye na saa akajua shule imefungwa.

Lakini fadhila yake kuu ni kwamba bembea huita wakubwa. Wabelgiji walipojenga mtaa huu, ulioitwa OCAF, miaka ya 1950 walipanga nyumba kwa safu, ua mgongoni mwa ua, na katika ua wetu mtoto hawakumpangia mahali. Bembea ikaziba pengo. Ripoti mtaro ulioziba, utamsubiri mkuu wa mtaa hadi mvi zikuote. Funga kamba mtini, jirani alalamike: jioni yuko mkuu wa nyumba kumi, kesho mkuu wa mtaa mwenyewe, amevaa koti. Zamani bashingantahe, wazee waamuzi wa jadi, waligonga chini intahe, fimbo yao, mambo yakaisha. Sheria ya 2005 ikaleta baraza la mtaa la watu 5 wa kuchaguliwa. Ya 2021 ikaongeza baraza la wazee 15. Watu 20, ubao mmoja! Na wanafanya kazi, msiwaonee. Tawi limepimwa kwa hatua. Kivuli kimefuatiliwa asubuhi na alasiri, ikaonekana mwembe hauna msimamo, unahamia upande wa pili kila siku. Likazuka suala zito: kicheko cha mtoto kikisharuka ukuta, ni mali ya kiwanja kipi? Hapo mzee mmoja akanigeukia kwa upole: "Ndugu yangu, bembea hii ina kibali?"

Kibali! Mtaro uleule umejaa maji meusi tangu masika, watoto wanauruka wakienda shule, na hakuna aliyeuuliza kibali. Wala spika za jirani mlalamikaji hazikuulizwa. Maana huyu mpenda utulivu ana baa barazani kwake, na muziki wake hunyamaza majogoo wakianza. Sauti ya mtoto saa kumi ni kero; ya baa saa nane usiku ni biashara.

Nimetoka nje ya sifa. Bembea, basi, ni mvumilivu, haina chama, haigombei kiti.

Wazee wakaafikiana. Ikabaki agatutu, ile bia ya kuwashukuru waamuzi, na baa ya karibu ni moja tu. Tukaenda kwa mlalamikaji. Nikalipa mimi, kwa bei yake. Hukumu ikasomwa palepale, chini ya spika, na hadi leo hakuna anayejua ilisema nini. Kwa hiyo watoto wanabembea.