Kanyaga Breki Ukiwa Juu: Mwongozo kwa Mkristo wa Butembo Asiye na Nafasi

Ndugu yangu mfanyabiashara, na wewe mama wa soko, mwongozo huu ni wenu. Alfajiri magazini imeshafunguliwa. Mchana mnahesabu mzigo uliotoka Kampala kupitia Kasindi. Saa sita za usiku mnaandikiana na mtu wa Guangzhou, ambako kwao kumeshapambazuka. Watu wa Butembo tunasifiwa kwa bidii, na sifa hiyo tumeitolea jasho. Ila roho haina magurudumu. Tukikimbia mno, inabaki njiani. Hatua za kuingoja ni tano.

1. Kanyaga breki ukiwa juu. Mtazame kijana anayeteremka na magunia ya viazi kwa chukudu, ile skuta yetu ya mbao. Hangoji mwendo umshinde. Mguu wake uko tayari kabla ya mteremko. Nawe usingoje presha ipande au nyumba iingie ugomvi. Jumamosi jioni ndiyo kilele cha mlima wako. Funga daftari la madeni, oga, kula na watu wako. Jumapili yako imeshaanza.

2. Simu ibaki nyumbani. Padri ameinua hostia, mfuko unatetemeka, jicho linashuka: "Lori limefika." Kwa mchungaji ni vilevile, katikati ya mahubiri. Lori hilo limevumilia matope na vizuizi vya barabarani. Litavumilia pia mpaka baraka ya mwisho.

3. Rudisha ndoo ya mlangoni. Toka Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola ilitufundisha kusimama. Beni, Mangina, Katwa, Butembo: mlangoni ndoo, bomba dogo, maji yanayonuka klorini. Hata mwenye haraka alipanga mstari akanawa. Basi kila jioni, kabla hujaingia kwako, simama kwa muda uleule. Mwambie Bwana mikono yako imeshika nini leo, umwombe aioshe. Ndipo uingie ukawasalimie watoto.

4. Funga duka kama siku ya mji mfu. Najua utauliza: nikifunga, watoto watakula nini? Lakini tumeshafunga mara ngapi? Watu wanapouawa upande wa Beni, mwito unatolewa, na mji mzima unateremsha milango. Barabara inanyamaza mpaka unamsikia jogoo wa mtaa wa pili. Keshokutwa tunafungua, na wateja wanarudi. Waisraeli jangwani nao waliogopa hivyohivyo, ila siku ya sita Mungu aliwapa mana ya siku mbili, na ya saba wakashiba bila kuokota. Ikiwa tunaweza kufunga kwa sababu ya kifo, tufunge pia kwa heshima ya Yule aliyekishinda, tena siku ileile aliyofufuka.

5. Keti na aliyesimamishwa kwa nguvu. Kuna mama aliyeliacha shamba lake la kakao upande wa Mbau, akakimbia usiku na watoto mgongoni. Yeye hakuchagua kusimama. Wengi wetu humpelekea unga, tukaushusha haraka, pikipiki ikinguruma nje. Unga ni mwema, peleka. Ila Yesu alipofika kwa Martha na Mariamu, aliyesifiwa ni yule aliyekaa chini akasikiliza. Mama huyu ana habari ya mume, ya miti iliyokuwa karibu kuvunwa, ya jirani ambaye hakuonekana tena. Habari hiyo haisimuliwi kwa dakika tano.

Kwa hiyo ukifika kwake Jumapili baada ya ibada, mlipe dereva umwambie aende zake. Akikusogezea kiti, kikalie. Akikupa maji, yanywe yote. Mzigo wa Kasindi utaukuta kesho.