Sifa za Jipu la Jino

Watumishi wa umma wa Kitale na Bungoma husifiwa kila Madaraka na kila Jamhuri, ilhali jipu la jino, lenye rekodi safi kuliko wote, halijatajwa jukwaani hata siku moja. Si haki. Jipu halina ukabila wala tabaka: humtembelea mwenye mamia ya ekari za mahindi Trans Nzoia sawasawa na kijana anayemenya miwa kwenye mkokoteni pale Kanduyi. Lina subira. Halijawahi kuomba chai. Lakini hizo ni sifa ndogondogo. Sifa yake kuu ni uchapakazi, na hiyo haiwezi kupitwa juujuu.

Kazi yake huanza kabla mwenye jino hajashtuka. Sukari ya chai na ya miwa huwalisha bakteria, bakteria hutoa asidi, asidi hutoboa jino hadi kwenye kiini penye neva na mishipa ya damu. Kiini kikioza, usaha hukusanyika kwenye ncha ya mzizi, na hapo ndipo notisi zinapoanza kutolewa, tena notisi zinazoeleweka kuliko zile za mbao za matangazo za serikali. Jino hudunda kwa mapigo ya moyo. Ukilala, damu huelekea kichwani na dundo huzidi, hivyo huduma hupamba moto saa nane za usiku, ofisi nyingine zote zikiwa zimefungwa. Ukitafuna githeri, utaapa kwamba jino hilo limerefuka kuliko wenzake. Fizi huvimba, tezi za chini ya taya hujitokeza, homa hupanda, na shavu huwa risiti ambayo kila abiria wa matatu anaweza kuikagua. Halafu, jipu haligomi. Madaktari, na chama chao kinawajumuisha wa meno, waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, wakagoma tena siku 56 mwaka 2024. Siku zote hizo jipu liliripoti kazini bila kudai marupurupu.

Kuna watakaopinga: mtumishi gani huyu anayemliza mwananchi? Hao hawajapima vizuri. Maumivu ni taarifa ya kweli, na wa kuogopwa ni ukimya. Uchungu ukikatika ghafla na mdomo ukajaa majimaji ya chumvichumvi yenye uvundo, jipu limepasuka na shinikizo limepungua. Chanzo kiko palepale. Wengine watasema jipu ni dhaifu, kwamba vidonge vichache vya kemisti hulimaliza. Hulinyamazisha tu. Kiini kilichokufa hakipitishi damu, na dawa iliyomezwa haina njia nyingine ya kufika humo. Kinachomaliza ni kuutoa usaha na kuondoa chanzo, ama kwa kusafisha mfereji wa mzizi na kuuziba, ama kwa kung'oa. Kabla ya hapo, maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chumvi husaidia kusukutua; paracetamol, au ibuprofen kwa asiyekatazwa, hutuliza; karafuu hutia ganzi kidogo. Aspirini iliyobandikwa kwenye fizi huiunguza. Na maji ya betri, jamani! Asidi ya kuwasha lori, mtu anaidondosha mdomoni mwake!

Lakini huyo wa maji ya betri si mjinga. Amepiga hesabu. Amehesabu nauli ya boda, siku ya kibarua itakayopotea, foleni, na uwezekano wa kuambiwa ganzi imekwisha, rudi Alhamisi. Anajua pia kwamba kuokoa jino ni huduma ya mwenye pesa. Maskini huulizwa tu ni lipi ling'olewe. Kaunti zilikabidhiwa afya mwaka 2013. Tangu Oktoba 2024 mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya, na asiye na mshahara anatozwa kuanzia shilingi 300 kwa mwezi. Makato hayo hayasemi rudi Alhamisi. Kitundu kinachozibika kwa dakika chache hakina wa kukitazama, mpaka kiwe shavu lililovimba. Kisha anakuja mtu wa afya na bango la kutufundisha kupiga mswaki, kana kwamba mswaki ndio uliokosekana!

Jipu hatimaye nalo huchoka kutoa notisi. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu, mdomo ukikataa kufunguka, mate yakishindwa kumezeka au pumzi ikiwa nzito, hayo ndiyo aliyoyaeleza daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig mwaka 1836, na huua kwa kuziba njia ya hewa. Ukiona hayo, au uvimbe ukiziba jicho, usipitie kemisti. Nenda hospitali usiku huohuo, na ukiambiwa mlangoni urudi Jumatatu, kataa kuondoka.