Mtu wa Kushitakiwa

Mwaka 1979, kampuni ya Larry Ellison ilipoleta sokoni hifadhidata yake ya kwanza, Oracle, iliipa jina la toleo la pili, kwa kuwa tajiri mwenye akili timamu hangethubutu kununua la kwanza. Na tangu hapo, naona, biashara hii imewafahamu wateja wake barabara. Mshindani wake PostgreSQL, hifadhidata iliyochimbuka katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, haidai hata senti ya leseni, wala haihesabu prosesa za mashine kama mtoza ushuru ahesabuvyo shehena forodhani. Na hiyo ndiyo aibu yake kubwa. Kwani mkurugenzi wa benki, aliyezoea kuilipa Oracle kila mwaka asilimia 22 ya bei ya leseni kwa ajili ya matunzo, atawaambiaje wakubwa wake, siku mitambo itakapozimika, kuwa hana wa kumshitaki? Kwamba programu zake zote zimeandikwa kwa PL/SQL, lugha ya Oracle yenyewe, hata kuhama kumekuwa ghali kuliko kukaa, hilo halitaji, huliita uaminifu. Na mikataba ya leseni za namna hii, kwa desturi, huwekea dhima ya muuzaji mpaka mwembamba mno, ila ni mirefu, na wakubwa hawana wasaa wa kuisoma.