Barua ya wazi kwa Wizara ya Elimu: mlima ufuate muhula

Katibu Mkuu,
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mtumba, Dodoma.

YAH: MAOMBI YA KUUAGIZA MLIMA KILIMANJARO UFUATE MUHULA WA MASOMO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wizara inastahili pongezi. Novemba 2021 iliwafungulia tena milango waliokatisha masomo, wakiwamo waliopata mimba, miaka 4 baada ya Rais Magufuli kutamka hadharani kwamba mwenye mimba harudi shule. Sera ya Elimu, toleo la 2023, ikatamka elimu ya lazima ya miaka 10. Makaratasi yamekamilika. Mkaidi aliyebaki ni mlima.

Wageni wa kupanda mlima hufurika Juni hadi Oktoba. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, pamoja na ule wa maarifa, maarufu kama QT. Kwa hiyo kijana wa Machame anayejisomea kama mtahiniwa wa kujitegemea hupata kazi ya ugumu, yaani upagazi, wakati uleule wenzake wanapofanya marudio. Kanuni za hifadhi zinamruhusu kubeba kilo 20. Kitabu cha baolojia hakimo kwenye hesabu hiyo. Jioni akifika kambi ya Barranco, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, anasimika hema, anateka maji, anaosha masufuria, ndipo anawasha tochi ya kichwani na kufungua mada ya mmeng'enyo wa chakula. Betri ikiisha, kipindi kimekwisha.

Basi Wizara iwaelekeze Wazungu wapande shule zikifungwa. Kahawa inayoanza kuiva Julai na kuwatoa wachumaji kwenye vitabu ipewe onyo la maandishi. Na watoto wachanga wa mama vijana wa Rombo wakumbushwe kwamba kipindi cha hisabati hakikatizwi kwa ajili ya kunyonya.

Mlima ukigoma, ipo njia nyingine, nayo si ngeni serikalini. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa yakawafuata wakulima baada ya kutoka shamba. Mwaka 1975 vikaanza vyuo vya maendeleo ya wananchi. Leo viko 54, kimojawapo kikiwa Msinga, Moshi. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, vyuo hivyo vinampa mama kijana nafasi ya kusoma sekondari huku mwanawe akilelewa hapohapo chuoni.

Mitihani nayo iwafuate watu vivyo hivyo. Mei, mvua za masika zikinyesha, wageni mlimani ni wachache na wagumu wengi wako nyumbani. Mwezi huohuo Baraza la Mitihani huwatahini wanafunzi wa kidato cha sita, kwa hiyo wasimamizi, bahasha na askari wa kulinda mitihani tayari wapo. Wizara iongeze hapo awamu ya pili ya QT na ya kidato cha nne kwa watahiniwa wa kujitegemea, na kila kituo cha masomo ya jioni kipewe mlezi wa watoto.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wagumu, wachuma kahawa na mama vijana wa Kilimanjaro.