Mhadhara wa Bingwa Kuhusu Viumbe Wasio na Msimamo

Ndugu mwenyekiti, mgeni rasmi, waheshimiwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, hasa ile inayonihusu mimi. Mwenyekiti amenitambulisha kwa maneno machache mno. Amesahau kutaja kwamba mimi ni Bingwa wa Mabingwa wa Elimu ya Vijidudu, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kutafuta wa kunitahini na kumkosa mwenye kimo changu. Hadubini sijawahi kuichungulia. Mtu mzito hainamii vitu vidogo.

Mada yangu leo ni kuporomoka kwa maadili miongoni mwa bakteria. Kwa kifupi, hawana msimamo. Upepo ukigeuka, nao wamegeuka.

Tuanze na Escherichia coli, mpangaji wa matumboni mwenu. Urefu wake ni mikroni 2 hivi, maana yake 500 wakijipanga foleni ndipo watimize milimita 1. Mwilini ana mijeledi kadhaa, na kila mmoja unaendeshwa na mota ya protini inayoweza kuzunguka mara 100 kwa sekunde. Mota zikizunguka kinyume cha saa, mijeledi hujisuka pamoja ikamsukuma mbele kwa muda wa sekunde 1 hivi. Mzunguko ukigeuka, msuko unafumuka, naye anabiringika kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kisha anashika njia ambayo hakuichagua. Mmarekani Howard Berg aliunda hadubini ya kumfuata bakteria mmoja mmoja aogeleavyo, na mwaka 1972 akaueleza ulimwengu mwendo huo. Ukimtazama utasema amelewa.

Kumbe ana hesabu zake! Kwa ufupi wake, hawezi kupima utamu wa kichwani na wa mkiani akaona tofauti ya maana. Basi anapima sasa na punde: je, chakula kimeongezeka kuliko sekunde chache zilizopita? Kikiongezeka, anachelewa kubiringika, anaendelea mbele. Kisipoongezeka, habishani, anabiringika mapema ajaribu kwingine. Kumbukumbu yake ni vialama vya methili vinavyobandikwa na kubanduliwa kwenye vipokezi vya utando wake. Kumbukumbu ya sekunde chache, ndugu zangu! Kiumbe anayejiuliza kila mara kama mambo yanakwenda vizuri ataongoza nini? Mimi maoni yangu niliyapanga ujanani, na hayajasogea hata unyayo.

Naona ndugu zetu wa safu za nyuma wanasogea upande wa jikoni, kunakonukia pilau. Wanapiga hatua, wanasita, wanageuka kidogo, wanasogea tena. Wanatafuta pembe ya kunisikia vizuri. Hongereni.

Niendelee na ulafi wa bakteria. Mwaka 1941 Mfaransa Jacques Monod aliandika katika tasnifu yake kwamba bakteria wakipewa glukosi na laktosi kwa pamoja, humaliza glukosi kwanza. Ikiisha, ukuaji unasimama kwa muda; halafu wanatengeneza vimeng'enya vya kuvunja laktosi na kuanza kukua upya. Baadaye yeye na François Jacob walieleza siri hiyo: jeni za laktosi zimezibwa na protini, na protini hiyo haiachii mpaka laktosi iingie ndani ya seli. Mwaka 1965 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Lwoff. Tuzo nzima, kwa kugundua kwamba mlafi huanza na kitamu! Stockholm wangeniuliza mimi, ningewaambia bure.

Tukija kwenye siasa zao, ndiyo balaa. Mwaka 1970 Kenneth Nealson na Woodland Hastings, huko Marekani, walionyesha kwamba bakteria wang'aao wa baharini hutoa kemikali kila mmoja kidogo kidogo. Wakiwa wachache, kemikali inapotelea majini. Wakisongamana, inajaa, akidi inatimia, na wote wanawasha taa kwa pamoja. Vibrio fischeri hufanya hivyo ndani ya ngisi mdogo wa Hawaii: usiku mwanga wao humfutia mwenyeji wao kivuli, samaki walio chini wasimwone. Alfajiri ngisi huwatema karibu wote, na wachache wanaobaki huzaana tena mpaka jioni. Ndugu ya Vibrio fischeri, Vibrio cholerae wa kipindupindu, huenda kinyume: wakiwa wachache utumboni hushambulia, akidi ikitimia huweka silaha chini na kujiandaa kutoka, wakatafute mwingine. Hakuna hata mmoja mwenye ujasiri wa kusimama peke yake!

Nasikia mnong'ono. Alianza mmoja, wakawa watatu, na sasa ukumbi mzima unapiga makofi kwa mpigo mmoja nikiwa katikati ya sentensi. Asanteni sana. Sijawahi kuona wasikilizaji waliokunwa kiasi hiki. Nitaongeza muda.

Nimalizie na wavivu. Mwaka 1944 Joseph Bigger wa Ireland aliona kwamba penisilini iliua karibu bakteria wote aliowatia dawa, lakini wachache mno walibaki. Si kwamba walikuwa sugu, maana vizazi vyao vilipotiwa dawa ileile vilikufa vilevile. Siri ilikuwa usingizi. Penisilini humwua bakteria anayejenga ukuta wake. Aliyelala hajengi, basi sumu inampitia juu kwa juu. Dhoruba ikitulia, anaamka na kuzaa. Aibu iliyoje! Nafurahi kuona kwamba ninyi mliobaki ukumbini mmefumba macho kwa tafakuri tu.

Sasa maazimio. Kwanza, kila bakteria ajaze fomu ya msimamo wake kabla ya mwisho wa mwaka wa fedha. Pili, mota zizunguke upande mmoja tu. Tatu, mhadhara huu urudiwe mwakani neno kwa neno, hapa hapa, saa hii hii ya pilau. Naona hakuna mkono uliopinga. Yamepita kwa kauli moja.